Kutumia "wear away" katika sentensi

Katika sentensi za Kiingereza ninazosahihisha, za watu walioanza kujifunza lugha hiyo wakiwa watu wazima, kitenzi "wear away" huleta taabu kubwa kuliko kinavyostahili. Maana yake haina fumbo: kitu kinapungua kidogo kidogo, kwa kusuguliwa, kwa maji, kwa upepo au kwa kupita kwa miaka, hata sehemu yake inatoweka. Taabu huanza pale mwanafunzi anapotaka kukitia katika sentensi yake mwenyewe, kwa sababu kamusi nyingi humpa fasili fupi na mfano mmoja wa mawimbi na jabali, kisha humwacha atafute mengine yote.

Neno dogo "away" ndilo lenye kazi kubwa hapa. "Wear" peke yake tunalijua kwa maana ya kuvaa, na maana ya kulika imetokana na hiyo hiyo, kwa kuwa nguo ivaliwayo kila siku huchakaa. "Away" nalo halimaanishi kwenda mbali, bali linaonyesha kwamba kitu kinatoweka hatua kwa hatua, kama linavyofanya katika "fade away" na "melt away". Sisi tumezoea kazi za namna hii zifanywe na viambishi ndani ya kitenzi chenyewe: kula huzaa kulika, kusaga huzaa kusagika. Kiingereza huliweka neno lake pembeni, na kilicho pembeni ni rahisi kusahaulika. Mtu akiandika "The sea is wearing the cliff", amesema kwamba bahari imelivaa jabali.

Jambo la pili linahitaji uangalifu zaidi. Kiswahili hutofautisha waziwazi kati ya maji kumomonyoa udongo na udongo kumomonyoka, na umbo la kitenzi hutuambia mara moja kama kuna mtenda au hakuna. Kiingereza hutumia umbo lile lile kwa pande zote mbili: "The sea wore away the cliff" na pia "The cliff wore away". Mwanafunzi asiyelijua hili huchanganya kauli mbili na kuandika "The cliff was wearing away by the sea", sentensi ambayo nusu yake inasema jabali linalika lenyewe na nusu nyingine inamtaja anayelila. Akitaka kumtaja mtenda kwa "by", hana budi kutumia kauli ya kutendwa kamili: "The cliff was being worn away by the sea."

Mfano ninaoupenda kwa somo hili ni sanamu ya shaba nyeusi ya Mtakatifu Petro iliyomo katika kanisa kuu lenye jina lake huko Vatican. Kwa karne nyingi mahujaji wameugusa na kuubusu mguu wake wa kulia, na vidole vya mguu huo vimelika hata karibu havitambulikani kimoja kimoja. Tukio hilo moja linaweza kusemwa kwa njia tatu zilizo sahihi. "Pilgrims have worn away the toes" inawaweka mahujaji mbele, kana kwamba wanadaiwa. "The toes have worn away" inatazama vidole tu, bila kumuuliza mtu yeyote. "The toes have been worn away by centuries of touching" inaanza na vidole lakini haiachi kutaja sababu, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi katika maandishi ya maelezo, maana msomaji hukiona kwanza kitu kilicholika, ndipo aambiwe kilichokila.

Lazima pia pawepo muda. Kitenzi hiki hakikubali tukio la ghafla, na hapo ndipo sentensi nyingi zinapoharibika. Mafuriko yakichukua daraja usiku mmoja, daraja hilo limekuwa "washed away". Kusema "worn away" ni kudai kwamba maji yalikuwa yakililamba kwa miaka. Maporomoko ya Niagara, yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada, yanaonyesha vizuri mpaka huu wa maana. Yamerudi nyuma takriban kilomita 11 katika muda wa miaka ipatayo 12,000, lakini si kwa mwendo wa namna moja. Maji hula polepole mwamba laini ulio chini, hata ule mgumu ulio juu ukabaki ukining'inia bila tegemeo, kisha ukakatika na kuanguka. Kwa hiyo Kiingereza kinahitaji vitenzi viwili: "The water wears away the soft rock below until the hard rock above collapses." Anayetumia "wear away" kwa sehemu zote mbili amelifuta lile anguko.

Ndugu zake watatu nitawapitia kwa haraka. "Wear out" ni kuchakaa hata kitu kisifae tena, na kwa mtu ni kuchoka kabisa. Viatu vyako viko "worn out", ilhali kisigino kimoja kilicholika upande ndicho kinachoweza kuwa "worn away". "Wear off" hutumika kwa kitu kinachokwisha nguvu, kama ganzi ya daktari wa meno, au kwa rangi inayobanduka juu ya kitu. "Wear down" ni kupunguza kimo au kumdhoofisha mtu hadi akubali.

Panapotajwa kupungua ambako bado hakujafika mwisho, Kiingereza huongeza "at", na hapa msemaji wa Kiswahili ana msaada wa karibu. Methali yetu isemayo bandu bandu huisha gogo ina nusu mbili, na kila nusu ina sentensi yake. "He chipped away at the log" ni bandu bandu peke yake: shoka linafanya kazi, vibanzi vinaruka, gogo bado lipo. "He chipped away the whole log" imekwisha kufika kwenye huisha. Ndivyo ilivyo kwa "eat away at", ambacho hupenda sana mambo yasiyoshikika, kama katika "Inflation eats away at savings": akiba ingalipo, lakini inaliwa. "Wear away at" pia husikika, ingawa mimi humshauri mwanafunzi ashike kwanza umbo lisilo na "at", kwa kuwa ndilo atakalokutana nalo mara nyingi zaidi.

Uko pia mpangilio wa maneno, ambao hauna falsafa yoyote lakini una sheria. Yambwa, yaani kile kinachotendewa, ikiwa nomino, inaweza kukaa kabla au baada ya "away": "wore the letters away" au "wore away the letters". Ikiwa ndefu, husogezwa mwishoni, kwani msikilizaji hatavumilia kungoja "away" nyuma ya maneno kumi. Ikiwa kiwakilishi, haina hiari. Hukaa katikati, na "wore away it" ni kosa popote itakapoandikwa. Kwa matumizi ya kitamathali sheria haibadiliki. Watu waliokuwa wakiaminiana, kisha wakadanganyana katika mambo madogo madogo kwa miaka, imani yao Kiingereza huieleza hivi: "They had trust once, but years of small lies wore it away."