Namba 78 Niliielewa Nilipoanzia kwenye Mshahara wa Jaji

Kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: ukitaka kujua waasisi wa Marekani walivyotetea uhuru wa mahakama, anza na Montesquieu, mwanafalsafa wa Kifaransa, kisha ingia kwenye makala 85 za Federalist, ambazo Alexander Hamilton, James Madison na John Jay waliziandika kuitetea Katiba mpya, ya kwanza hadi ya mwisho, usiruke hata moja. Namba 78, ya Hamilton, ndiyo inayotetea majaji. Nawashukuru, lakini walinipotezea muda. Namba 2 hadi 5 John Jay anaeleza hatari za mataifa ya nje. Halafu vita kati ya majimbo, halafu jeshi. Nilipofika namba 30, penye kodi, kaunta buku zima lilikuwa limejaa, na mahakama nilikuwa nimeigusa kidogo tu mwishoni mwa namba 22.

Nikaacha, nikaanza upya na Tamko la Uhuru la 1776. Katika orodha ya lawama dhidi ya Mfalme George III imo sentensi moja fupi: amewafanya majaji wategemee utashi wake peke yake, kwa muda wa kukaa kazini na kwa kiasi na ulipaji wa mishahara yao. Niliyaandika maneno mawili, KAZI na MSHAHARA, juu ya kila ukurasa niliosoma baada ya hapo. Ujanja wote ni huo.

Lawama hiyo ilikuwa na chanzo. Uingereza ilikuwa imeamua kwa sheria ya 1701 kwamba majaji wake wasifukuzwe kwa matakwa ya mfalme. Makoloni yake ya Amerika hayakupewa kinga hiyo; agizo la 1761 liliwakataza magavana kuwapa majaji ajira ya namna hiyo. Kisha koloni la Massachusetts likasikia kwamba majaji wa mahakama yake ya juu wangelipwa na mfalme badala ya baraza la wawakilishi. John Adams akalumbana magazetini na William Brattle mwaka 1773 juu ya suala hilo. Mwaka uliofuata Jaji Mkuu Peter Oliver alikataa kuukana mshahara wa mfalme, wawakilishi wakapiga kura kumshtaki, na raia walioitwa kuwa wazee wa baraza, yaani wale wanaokaa mahakamani kuamua kesi, wakagoma kula kiapo mbele yake.

Msomaji wa kwetu akifika hapa anadhani adui ni mkuu wa nchi tu. Asikimbilie. Kabla ya ugomvi huo, majaji wa Massachusetts walikuwa wanategemea kura ya baraza kila mwaka, yaani kamba ilikuwepo, ila imeshikwa na mkono mwingine. Mkono mtupu haulambwi, na wawakilishi walilijua hilo vizuri. Baada ya uhuru ndipo majimbo yalipoonja ubaya wake.

Mfano ninaoupenda ni wa bucha la Newport, Rhode Island, 1786. Baraza la jimbo lilikuwa limechapisha pesa za karatasi na kutunga sheria ya kumwadhibu anayezikataa, kwa kesi isiyo na wazee wa baraza. John Trevett akaenda kununua nyama kwa John Weeden, akatoa karatasi, muuza nyama akakataa. Kesi ikafika mbele ya majaji watano, wakasema shauri hilo hawawezi kulisikiliza. Baraza likawaita wajieleze! Na kwa kuwa majaji wa Rhode Island walichaguliwa na baraza mwaka hadi mwaka, halikuhitaji kumfukuza mtu. Lilisubiri uchaguzi wa 1787, na wanne kati ya watano hawakurudi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ukiisoma kesi hiyo kwanza, utaelewa kwa nini Alexander Hamilton katika namba 78 anahofia zaidi bunge kuliko rais, na kwa nini anasema uteuzi wa vipindi vifupi, kwa namna yoyote ile, ni sumu kwa uhuru wa jaji.

Sasa kosa langu. Katiba ya 1787, ibara ya 3, inatumia maneno ambayo ukiyafasiri moja moja yanatoka "wakati wa tabia njema". Nikaandika hivyohivyo, na nikajivunia. Wasomaji wangu wa kwanza wakaelewa kwamba jaji anapeleka cheti cha tabia njema kutoka polisi kila baada ya muda, kama dereva anayetafuta kazi Dubai. Mmoja akauliza: anayeikagua hiyo tabia ni nani? Swali lilikuwa zuri kuliko tafsiri. Maneno yale ni fomula ya kisheria, kwa Kilatini quamdiu se bene gesserint, na maana yake inaonekana ukiiweka kando ya mwenzake, durante bene placito, yaani kazi ya "apendavyo mfalme". Ya kwanza haina tarehe ya mwisho: jaji anaondoka kwa kufa, kwa kujiuzulu, au kwa kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi na kutiwa hatiani kwa theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Siku hizi naandika "atabaki kazini maadamu hajaharibu", na hakuna tena anayeniuliza habari za polisi.

Jambo la pili lililonifungua: namba 78 ni jibu, na jibu halisomwi kabla ya swali. Muuliza swali alikuwa mpinzani wa Katiba hiyo aliyejiita Brutus, akiandika katika gazeti moja la New York. Makala yake ya 11 ni ya Januari 31, 1788. Ya 15 ni ya Machi 20. Hoja yake ni kali: majaji hawa watakuwa huru mbele ya wananchi, mbele ya bunge, mbele ya kila mamlaka chini ya mbingu, na mtu wa namna hiyo hachelewi kujiona yuko huru hata mbele ya mbingu yenyewe. Uingereza, alisema, hukumu zinaweza kurekebishwa na Baraza la Mabwana bungeni. Marekani hakuna wa kurekebisha. Namba 78 ikatoka kitabuni Mei 28, miezi miwili baadaye. Nilichapisha zote steshenari kwa pesa ambayo haifiki nauli yangu ya wiki, nikazikata, nikazibandika Brutus kushoto, Hamilton kulia.

Ukifanya hivyo utaona kitu: nusu ya jibu haimo katika 78. Mle anasema mahakama haina upanga wala mfuko wa fedha, ina uamuzi tu, kwa hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Suala la nani atawarekebisha majaji analijibu katika 81: hata bunge la Uingereza haliwezi kufuta hukumu iliyokwisha kutolewa, linaweza kuweka kanuni mpya kwa kesi zijazo, na jaji anayepora madaraka atashtakiwa. Kama jibu hilo linatosha, mimi nina mashaka yangu. Brutus alikuwa ameshaona kwamba kosa la tafsiri si jinai.

Kuhusu mgawanyo wa madaraka wenyewe, soma 47, 48 na 51 za James Madison, na uweke pembeni neno letu "mihimili mitatu". Mhimili unasimama peke yake. Madison anataka vitu vinavyoshikana. Katika 47 anapita katiba za majimbo, kuanzia New Hampshire hadi Georgia, kuonyesha kwamba hakuna iliyotenganisha kabisa. Katika 48 anasema mipaka ya kwenye karatasi haimzuii mtu. Na 51 ina sentensi ambayo wengi wanairuka: kila idara isihusike sana kuteua watu wa nyingine, isipokuwa majaji, kwa kuwa wanahitaji sifa za pekee, na kwa kuwa ajira isiyo na mwisho humfanya mteuliwa asahau aliyemteua. Kwa hiyo swali lake halikuwa nani anateua. Alikuwa anauliza aliyeteua amebakiwa na nini mkononi.

Kuna mshahara. Kwenye mkutano wa kuandika Katiba, Philadelphia, Julai 18, 1787, pendekezo lilikuwa mshahara wa jaji aliye kazini usipunguzwe wala kuongezwa. Mjumbe mmoja, Gouverneur Morris, akataka "kuongezwa" ifutwe. Madison akapinga: jaji anayesubiri nyongeza naye ni tegemezi, na kama tatizo ni thamani ya pesa kuyumba, basi kipimo kiwe ngano. Ngano! Alishindwa kwenye kura. Katika 79 Hamilton akautetea uamuzi huo: rais anakaa miaka 4, mshahara wake unaweza kufungwa pande zote mbili, jaji anakaa maisha yake, na kilicho kingi leo baada ya nusu karne huenda kisimtoshe. Ndiyo maana ibara ya 3 inakataza kupunguza tu.