Kanzu ya Mwaka Huu

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi.

Wiki nzima nimekuwa nikisoma daftari la makabidhiano. Ninyi mlio walimu mnalijua: anayeliacha darasa humwandikia anayelipokea, jina kwa jina, mstari mmoja au miwili kwa kila mtoto. "Ana bidii." "Mzito kuelewa." "Mkorofi, akae mbele." "Hashiriki darasani." Aliyeandika ni mtu mwema, na wala hakuandika uongo. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo moyo ulivyonilemea. Shule haijafunguliwa, sijasikia sauti ya mtoto hata mmoja, na tayari kichwani mwangu kila mmoja ameshapangiwa mahali pake.

Nikiwa na mzigo huo nikafika kwenye 1 Samweli 2. Kisa chenyewe tumekisikia tangu utotoni: Hana analia mbele za Bwana, anapewa mtoto, anamrudisha kwa Bwana kama alivyoweka nadhiri. Mahubiri mengi huishia hapo, au kwenye wimbo wake. Mimi safari hii nilikwama mstari wa 19, pale tunapoambiwa kwamba mama yake Samweli alikuwa akimfanyizia kanzu ndogo na kumletea mwaka kwa mwaka, alipokwea pamoja na mumewe kutoa dhabihu.

Hebu itazameni kazi ile. Samweli yuko Shilo, kwenye nyumba ya Bwana, Hana yuko kwake Rama. Anapokikata kitambaa, mtoto hayupo mbele yake ampime. Alichonacho ni kumbukumbu ya mabega ya mwaka jana, na mtoto wa umri ule hukaa miezi michache tu akakupita. Hana akishona kwa kuifuata kumbukumbu yake, atafika Shilo na kanzu isiyopita hata kichwani. Basi hana budi ashone akiamini kwamba mtoto amekua. Anaongeza urefu wa mikono, anaachia upindo mpana, anapanua kifua, bila kuona lolote, kwa sababu anajua amemwacha mikononi mwa nani. Na mwakani anaanza upya. Hasemi, "Si nilishamshonea?"

Ndugu zangu, wangapi kati yetu tunaingia mwaka mpya wa masomo tumeshika kanzu ya mwaka jana? Mzazi unamleta mwanao mlangoni, na mbele yake unamwambia mwalimu, "Huyu hesabu hawezi kabisa, msihangaike naye sana." Mtoto amesimama palepale, anasikia. Mwalimu unamwona binti anaingia, na kabla hajakaa umeshamwambia, "Nakujua wewe, mwaka huu sitaki mambo yako." Mambo gani? Yale ya mwaka jana. Pengine likizo nzima alikuwa akimwomba Mungu amsaidie abadilike, na leo mtu wa kwanza kukutana naye anamrudisha kulekule. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Mtoto hukata tamaa kwa njia hiihii: anajitahidi kukua, na watu wazima wanaendelea kumvalisha kilichombana.

Nasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu sisi tunajiita jumuiya ya malezi kamili. Tunaupenda ule mstari wa Luka 2:52, kwamba Yesu alizidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Na Luka hakuanza kusema hivyo yeye. Maneno karibu yaleyale yalishasemwa juu ya Samweli, mistari saba tu baada ya ile kanzu: mtoto akazidi kukua, akapata kibali kwa Bwana na kwa watu pia. Akili, mwili, roho, na maisha pamoja na wenzake, vyote vinakua kwa pamoja ndani ya mtoto mmoja. Ndiyo maana tuna bustani, tuna kwaya, tuna karakana, tuna ibada ya asubuhi. Lakini kwenye kikao cha ratiba vitu vya kwanza kutajwa vipunguzwe ni hivyohivyo, ili tupate vipindi vya marudio. Na likizo ikianza, swali la kwanza nyumbani ni "Umekuwa wa ngapi?" Hakuna anayeuliza, "Umejifunza kumsamehe nani?" Sipingi mitihani, watoto wetu wanahitaji kufaulu. Ninachokataa ni kumpima mtoto mahali pamoja, kisha tukasema tumempima.

Niwashuhudie jambo. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye kila mwalimu alimwandikia maneno yaleyale: mkimya, hashiriki. Mimi nami niliona hivyo darasani. Siku moja tukiwa kwenye kikao cha kuwajadili watoto, matroni wa bweni aliomba kusema, naye kwa kawaida haalikwi kwenye vikao vile. Akatuambia kwamba wadogo wapya walikuwa wakiogopa kutoka usiku kwenda chooni, wakawa wanalowanisha vitanda na kulia kwa aibu. Yule kijana mkimya aligundua kabla ya mtu mzima yeyote. Akahamishia kitanda chake karibu na mlango, akawaambia wadogo wamguse mguu tu, wasiite, naye anaamka anawasindikiza mmoja mmoja. Hakumwambia mtu. Matroni alijua kwa sababu naye halali sana.

Kikao chote kilinyamaza. Tulikuwa na mchungaji mdogo kati yetu, na sisi tulichokuwa nacho juu yake ni "hashiriki".

Nimelikumbuka hilo wiki hii kwa sababu linanionyesha kanzu mpya inakopatikana. Haipatikani kwenye makabati ya ofisi. Inapatikana kwa kuwa karibu na mtoto saa ambazo hakuna anayempa alama. Don Bosco, yule padre aliyewalea vijana maskini wa Turin, aliwaandikia wenzake barua kutoka Roma mwezi Mei 1884. Huzuni yake kubwa ilikuwa uwanja wa michezo: zamani walezi walikuwa katikati ya vijana, wakicheza nao, na sasa wamesimama pembeni wakizungumza wao kwa wao. Akawaambia haitoshi vijana wapendwe, ni lazima wao wenyewe watambue kwamba wanapendwa. Walimu wenzangu, mapumziko ya asubuhi ni mafupi na chai ni tamu, najua. Lakini tokeni nje. Kaeni nao mezani. Wapishi, walinzi, madereva, ninyi mnaona mengi ambayo sisi wa chaki hatuyaoni, tuambieni.

Kuna mtu mmoja zaidi kwenye kisa hiki, naye ni Eli, kuhani wa Shilo aliyeachiwa Samweli amlee. Sura ileile inayosimulia kanzu inasimulia watoto wake wa kuwazaa, waliodharau sadaka ya Bwana, na baba yao akasema nao maneno mawili matatu, lakini hakuwazuia. Kumtazamia mema mtoto si kumwachia. Mkorofi bado atazuiliwa, na mvivu bado atafanya kazi yake, tena yote. Nitalirudia hili siku nyingine.

Lakini nataka mmwone Eli pia katika sura ya 3. Amezeeka, macho yake yamefifia, nyumbani kwake kumeharibika, na mtoto Samweli anamjia usiku akisema umeniita. Mara ya kwanza anamrudisha akalale. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu Eli anatambua kwamba ni Bwana anayemwita yule mtoto. Mzee yule, pamoja na udhaifu wake wote, alikubali kwamba Mungu anaweza kusema na mtoto aliye chini ya uangalizi wake jambo ambalo yeye hajaambiwa. Akamfundisha namna ya kuitika, kisha akamwacha arudi mahali pake alale. Mimi hilo ndilo ninalomwomba Mungu kwa ajili yetu mwaka huu: kwamba mtoto akitujia mara tatu na swali lilelile la kuchosha, tusiwe wepesi wa kumwambia rudi kakae, bali tuulize moyoni, ni nani anayemwita huyu?

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, tutapita darasa kwa darasa tukiwaombea watoto kwa majina yao, bila kutaja sifa wala kosa la mwaka jana, jina tu. Wafanyakazi wote karibuni, wa jikoni na wa getini pia. Na ninyi wazazi, hasa mlio mbali ambao hamtaweza kufika, tunaomba kila mmoja atuandikie jambo moja alilomwona mwanawe akilifanya likizoni, ambalo sisi hatujawahi kuliona. Msitafute jambo kubwa. Kama alikaa na bibi yake mgonjwa, andikeni. Kama alitengeneza mlango uliokuwa ukigoma, andikeni. Yatufikie kabla ya Jumamosi jioni, ili walimu wapate muda wa kuyasoma Jumapili baada ya ibada. Bwana awatangulie safarini mnapowaleta.