DVD za baba, namba tatu, kompyuta moja

Tangu baba atutoke, sanduku lake la DVD lilikaa juu ya kabati, hapa nyumbani Bel-Air, Lubumbashi, limefunikwa kitenge. Mama hakutaka mtu aliguse. Halafu Jumapili moja, tumetoka misa, hata viatu hajavua, akaniambia: "Teremsha ile sanduku. Nataka kuona filamu za baba yako."

Nilihesabu diski 63. Baba alikuwa mhandisi wa migodi, na kila safari ya kazi alirudi na mbili tatu. Zote ni za dukani, zina jalada lake. Nyuma ya karatasi ya jalada aliandika kwa kalamu mji na mwaka: Johannesburg 2004, Montréal 2006, Perth 2008. Wakati huo Lubumbashi nzima ilikuwa inanunua nakala za sokoni, filamu nane ndani ya diski moja. Yeye alikataa. Alisema mtu aliyefanya kazi alipwe.

Deki yake ilikuwa inacheza karibu kila kitu, kwa sababu fundi mmoja wa Kenya aliifungua kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti. (Kenya ya hapa kwetu, wilaya ya Lubumbashi, si ile nchi.) Deki hiyo iliungua usiku umeme uliporudi na nguvu kupita kiasi. Ikabaki kompyuta yangu ya mezani, ya mitumba kutoka Bulaya (Ulaya), yenye Windows 7 na mahali pa kuingiza DVD.

Diski ya kwanza aliyochagua mama ilikuwa ya Montréal. Kompyuta ikaizungusha, ikaguna, kisha ikaniandikia kwamba diski hii ni ya eneo lingine na kuniuliza kama nataka kubadili. Nikakubali. Tukaangalia filamu hadi mwisho, mama ameridhika. Jumamosi iliyofuata akataka ya Johannesburg: swali lilelile, nikakubali tena. Kisha ya Perth. Nikakubali kwa mara ya tatu, ndipo macho yangu yakashuka kwenye mstari wa chini ya lile dirisha: mabadiliko yaliyobaki, 1.

Hapo moyo ulishtuka kweli. Nikakaa usiku kujifunza jambo ambalo ningelijua kabla ya kugusa kitu.

Waliotengeneza DVD, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliigawa dunia vipande na kila kipande kikapewa namba. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani, Misri, nchi za Ghuba na Afrika Kusini ni 2. Australia na Amerika ya Kusini ni 4. China ni 6. Sisi Kongo, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ni 5. Sababu ilikuwa biashara: filamu ilianza kwenye sinema za Marekani, miezi inapita ndipo inafika kwingine, na wenye studio hawakutaka diski ya Marekani iwahi kufika kwenye nchi ambayo bado inauza tiketi. Pia waliweza kuuza bei tofauti kila eneo.

Niligeuza majalada yote 63, nikatafuta ile picha ndogo ya dunia yenye namba katikati. Nilipata 1, 2 na 4. Namba 5, yetu sisi, haikuwemo hata moja. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Mtu aliyekataa nakala za wizi, aliyelipa bei kamili kwenye kaunta, ndiye aliyefungiwa mlango. Zile za sokoni, filamu nane kwa diski, hazina namba wala kufuli, zinacheza popote.

Kwenye kompyuta mambo ni magumu kuliko kwenye deki. Tangu mwaka 2000, namba ya eneo inahifadhiwa ndani ya kile kifaa chenyewe cha kusomea DVD. Ukifuta Windows ukaiweka upya, namba haitoki. Mtumiaji anaruhusiwa kuibadilisha mara 5 tu, na ya tano ikishapita, namba uliyoiacha ndiyo hiyo hadi kifaa kife. Aliyenitangulia huko Bulaya alishatumia moja, akaiacha kwenye 2. Mimi nikatumia tatu kwa wiki tatu. Kifaa changu sasa kinahesabu kwamba kiko Australia, na nafasi ni moja. Ningefanya nini? Nikiweka 1, za Johannesburg na Perth kwaheri. Nikiweka 2, mama hataziona tena za Montréal, na hizo ndizo nyingi zenye sauti na maandishi ya Kifaransa, yale anayoyasoma.

Njia niliyoipata ni VLC, programu ya bure ya kuchezea filamu, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale ya Paris. Haimwulizi mtu namba ya eneo. Ndani yake kuna kipande kinachoitwa libdvdcss, ambacho kinaweza kuutafuta ufunguo wa diski chenyewe kwa kupiga hesabu. Kufuli la DVD, CSS, lina ufunguo wa biti 40, mfupi mno kwa kompyuta ya leo. Wakati mwingine diski inachukua muda kabla ya kuanza, ngoja, usiitoe. Wenye vifaa vya aina fulani, hasa vya kompyuta za kubeba, wanaweza kukwama, kwa maana kifaa chenyewe kinakatalia data kama namba hazilingani. Changu hakikukataa. Kulikuwa na diski ya Montréal ambayo kwenye deki ya baba ilitoa ramani ya dunia na maneno ya kukataa, kwa sababu ilikuwa inazitambua deki zilizofunguliwa. Baba hakuwahi kuiona filamu ile. Kwenye VLC ilifunguka.

Je, ni halali? Kuna nchi zinazokataza kuvunja kufuli hilo. Jon Lech Johansen wa Norwei alishtakiwa kwa programu ya kulifungua iliyotoka 1999, akiwa kijana wa miaka 15. Mahakama ikamwachia mwaka 2003, mara mbili, ya pili baada ya rufani, kwa kuwa mtu ana haki ya kuangalia diski aliyoinunua mwenyewe. Naikubali hukumu hiyo kwa moyo wote. Diski za baba zimelipiwa.

Sasa lile ambalo sikulitegemea. Kati ya zile 63, filamu moja iko mara mbili: ya Johannesburg na ya Montréal. Kwenye jalada la Johannesburg baba aliandika swali: "Imekatwa?" Nilipotazama dakika nikaelewa. Ya Montréal inakwenda dakika 100, ya Johannesburg 96. Na mama akanisimulia kwamba walibishania filamu hiyo miaka mingi. Mama alisema sauti ya mzee mmoja wa filamu hiyo, kwenye diski ya Johannesburg, ni nyembamba, si yake. Baba akamjibu kuwa ni mtu yuleyule, na sauti ni ileile.

Hakuna kilichokatwa. Filamu ya sinema inapigwa picha 24 kwa sekunde. DVD za Afrika Kusini na za Ulaya zinafuata PAL, mtindo wa televisheni wa picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo filamu inaharakishwa kidogo: dakika 100 zinakuwa 96, na sauti inapanda. Za Kanada zinafuata mtindo mwingine, NTSC, ambako picha nyingine zinarudiwa ili mwendo wa filamu ubaki uleule. Kompyuta haijali ni PAL au NTSC, inaonyesha zote mbili.

Nikamwekea mama sehemu moja, yule mzee akizungumza mlangoni, kwanza ya Johannesburg, halafu ya Montréal. Akafumba macho. Nikarudia. Mara ya pili alinishika mkono.

"Njo huyu," akasema. "Nilimwambiaka baba yako."

Nikataka kutoa diski ili nimwekee ya Perth. Akasema niiache hiyohiyo, iende tangu mwanzo.