Chupa za Ukutani Paje na Vichupa vya Begini

Boti kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili, na kutoka mjini hadi Paje ni kama saa moja kwa gari. Bahari na mchanga wameshaandika wengi. Mimi naandika kuhusu bafu la hoteli niliyofikia, maana lilinishtua, na atakayekwenda pwani ile ya mashariki anaweza kuyakuta yaleyale.

Hapakuwa na vile vichupa vya ml 30. Ukutani zilifungwa chupa mbili za kubonyeza, ya shampuu na ya sabuni ya mwili, kila moja kama ml 400. Nilifurahi kuziona. Kisiwani takataka hazina pa kwenda, na kichupa kinachotupwa kikiwa na nusu ya sabuni yake ni hasara mara mbili. Huko nje mambo yameshaelekea upande huo: California ilipitisha sheria mwaka 2019, na kuanzia 2023 hoteli zenye vyumba zaidi ya 50 haziruhusiwi kutoa vichupa vidogo vya plastiki, zile ndogo zikafuata 2024. Umoja wa Ulaya nao umeweka 2030.

Tatizo lilikuwa ndani ya chupa. Nilibonyeza, ikatoka sabuni nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nikaichomoa kwenye kishikio chake, haikuwa na kufuli, nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha: chini tabaka zito la rangi ya maziwa, juu yake maji. Kwenye mdomo wa pampu, pale tone la mwisho linapogandia, palikuwa na utando wa waridi, mwembamba, unaoteleza ukiugusa. Harufu ya nazi ilikuwepo, lakini nyuma yake kulikuwa na harufu ya kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo.

Sabuni ile ilikuwa imetiwa maji. Wanaofanya hivi huona wanabana matumizi, na labda hakuna aliyewaeleza madhara yake. Sabuni ya maji huwa na dawa ya kuizuia isiharibike, na kiwandani dawa hiyo hupimwa kwa ujazo ule ule wa sabuni. Ukiongeza maji, dawa inapungua nguvu, na bakteria wanaopenda unyevu, kama Pseudomonas na Serratia, wanapata makao. Ule utando wa waridi mara nyingi ndio Serratia marcescens. Hata bila maji, kumimina sabuni mpya juu ya iliyobaki ni kosa, kwa sababu masalia ya chini hayaondoki hata siku moja. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliwaandikia wahudumu wa afya tangu 2002 wasijazie chupa ambayo haijaisha. Chupa imalizwe, ioshwe pamoja na mrija wa pampu, ikauke kabisa, ndipo ijazwe. Mtu mwenye afya na ngozi isiyo na jeraha huenda asidhurike. Lakini aliyetoka kunyoa, mwenye kidonda, au mtoto mchanga, huyo asioge nayo.

Basi nikatoa sabuni yangu ya kipande. Haikutoa povu. Maji ya visima vya upande ule hupita kwenye mawe ya matumbawe, yanabeba chokaa, na kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa sana kinaingiza na chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hugeuka utando mweupe unaonata mwilini na kwenye sakafu. Unasugua robo ya kipande, bado unahisi hujaoga. Shampuu na sabuni za maji za kuogea hutengenezwa kwa namna nyingine na hutoa povu hata kwenye maji hayo. Kwa hiyo iliyofaa kwa maji yale ndiyo iliyokuwa imeharibika ukutani. Nikaenda kwenye kiduka cha hoteli, nikauziwa kichupa cha ml 30 kwa shilingi 8,000. Kwa pesa hiyo Kariakoo mtu anarudi na chupa ya kuogea mwezi mzima. Iliniuma sana.

Anayekwenda kule kwa siku tatu na abebe hivi: sabuni ya maji ya kuogea ml 60, maana kuoga mara moja kunakula kama ml 10, shampuu ml 30, mafuta ya mgando au losheni ml 50. Hili la mafuta nalisisitiza. Chupa za ukutani karibu zote hazina mafuta, na baada ya maji ya chumvi ngozi yetu inapauka mpaka magotini. Shampuu zao nazo nyingi ni kali, zinakausha nywele za kipilipili, na aliyesuka anahitaji kondishena yake mwenyewe. Usinunue vichupa vipya kila safari. Nunua vitupu vitatu vya plastiki laini, uvijaze kutoka kwenye chupa ya nyumbani.

Kutoka Unguja nilipanda ndege kwenda Nairobi, na kwenye ukaguzi wa begi la mkononi ndipo watu wanapopoteza mali. Kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichomo. Kopo la ml 250 lenye mafuta robo tu litachukuliwa. Mafuta ya mgando na dawa ya meno vinahesabiwa kama vimiminika, sabuni ya kipande haihesabiwi. Mfuko wa zipu wa lita moja, wa kutilia vichupa hivyo, usikutie hofu kwa sababu ya katazo la Tanzania la mifuko ya plastiki la Juni 2019: serikali ilisema mgeni anaruhusiwa kuja na mfuko wa vitu vya kuogea, kwa kuwa anatarajiwa kuondoka nao.

Kuvuja nako kuna sababu yake. Hewa ndani ya ndege ni kama ya mlima wa mita 2,000 hivi, kwa hiyo hewa uliyoifungia pwani inatanuka na kuisukuma sabuni nje. Jaza kichupa mpaka karibu na shingo, kibinye kidogo hewa itoke, funga ukiwa bado umekibinya. Kipande cha nailoni chini ya kifuniko kinasaidia zaidi. Uwanja wa Nairobi uko juu, zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo ukifungua kichupa kule, kifungue kikiwa wima juu ya sinki.

Hoteli ya Nairobi nayo ilikuwa na chupa za ukutani, ila zile za kufungwa kiwandani: hazifunguki, zina kufuli na kidirisha cha kuonyesha kilichobaki, na zikiisha hubadilishwa nzima. Sabuni ya mibonyezo miwili ya kwanza niliimwaga chini, kwani mdomoni hubaki iliyoguswa na hewa, kisha nikaoga bila wasiwasi. Chumba kilikuwa ghali na kitanda kigumu, lakini kwa bafu lile sina neno.

Nyumbani Dar tunaoga kwa ndoo na kopo, sabuni ya kipande kwenye kisahani chenye matundu ili ikauke, na kila mtu anaijua imetoka duka gani na lini. Vichupa vyangu vitatu nimeviosha kwa maji ya moto na kuvipindua dirishani. Nitavijaza vikishakauka.