Ukuta wa mawe na udongo: Nepal baada ya tetemeko la 2015

Tetemeko lililopiga Nepal Jumamosi ya tarehe 25 Aprili 2015, saa 5:56 mchana, lilikuwa la kipimo cha 7.8 na likaua watu karibu 9,000. Wengi wao waliuawa na kuta za nyumba zao, na kasoro za kuta hizo zinajulikana hadi kwa sentimita. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye ukuta kuliko kwenye mwamba.

Mwamba kwanza, kwa ufupi. Bara Hindi linajisukuma chini ya Asia, na karibu sentimita 2 za mwendo huo kila mwaka hubebwa na Himalaya. Kati ya pande hizo mbili kuna ufa uliolala karibu bapa chini ya milima, ukiinamia kaskazini. Sehemu yake kubwa imenasa: haitelezi, bali mwamba hujikunja polepole kwa miaka mingi hadi unapofyatuka. (Kwetu kwenye Bonde la Ufa ardhi inavutwa na kuachana. Himalaya inabanwa, na matetemeko ya kubanwa ndiyo makubwa zaidi.) Siku ile mfyatuko ulianzia karibu na kijiji cha Barpak, wilaya ya Gorkha, ukakimbia kilomita 140 hivi kuelekea mashariki kwa muda usiofika dakika mbili. Eneo la Kathmandu likanyanyuka karibu mita 1 na kusogea kusini zaidi ya mita 1, huku safu ya milima iliyo kaskazini yake ikishuka.

Zingatia hilo neno mashariki. Kitovu kilikuwa Gorkha, lakini wilaya iliyopoteza watu wengi kuliko zote ni Sindhupalchok, upande wa pili wa Kathmandu, ambako walikufa zaidi ya 3,000. Kuchora duara kuzunguka kitovu na kupeleka misaada ndani ya duara hilo ni kosa linalorudiwa kila mara. Kitovu huonyesha mahali mpasuko ulipoanzia tu. Pa kutazama ni njia nzima uliyopita.

Kathmandu nayo ina jambo lake. Mji umekaa juu ya tope la ziwa la kale, lenye kina cha mamia ya mita. Tope hilo lilikuza mawimbi ya polepole, yanayokwenda na kurudi kila baada ya sekunde 4 au 5. Jengo fupi la orofa tatu huyumba kwa mdundo wa haraka kuliko huo, kwa hiyo mengi yalinusurika, ilhali mnara mrefu wa Dharahara ulianguka. Wapo waliohitimisha kwamba nyumba za mjini zimefaulu mtihani. Hazikufanya mtihani wenyewe: mtikisiko wa haraka, ambao ndio adui wa majengo mafupi, ulikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa.

Sasa twende vijijini. Nyumba ya kawaida ya milimani ilikuwa na orofa mbili na dari ya kuhifadhia nafaka, kuta zake zikiwa na unene wa sentimita 45 hivi, za mawe yasiyochongwa yaliyounganishwa kwa udongo. Ukiutazama ni ukuta mmoja. Ukiukata utakuta kuta mbili nyembamba, ya ndani na ya nje, na katikati vipande vya mawe na udongo uliojazwa tu. Fundi huelekeza uso mzuri wa jiwe kunakoonekana, kisha anaziba uwazi uliobaki. Ardhi ikitikisika, ule ujazo hushuka na kufanya kazi ya kabari: ukuta wa nje hufura, halafu unamwagika. Udongo hauwezi kuhimili mvutano, kwa hiyo hakuna kinachouzuia. Kona hufunguka kuanzia juu, kwa kuwa kila ukuta unayumba upande wake. Ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, isiyoshikwa na kitu, mara nyingi ndiyo hutangulia, na humwangukia mtu anayekimbilia nje.

Kuna ubaya mwingine usiosemwa sana. Jengo la zege likianguka huacha mapengo ambamo mtu anaweza kuishi siku kadhaa. Nyumba ya mawe na udongo haiachi pengo. Vumbi humkaba aliyefukiwa kwa muda mfupi. Vikosi vya uokoaji vilivyotoka nje vilifika na mbwa na mitambo, vikatoa watu wachache mno wakiwa hai. Waliookolewa vijijini walitolewa na majirani kwa majembe na mikono, saa zile za mwanzo.

Dawa haihitaji kuyaacha mawe. Kila mita 1.2 kwa urefu na kila sentimita 60 kwenda juu, weka jiwe refu linalovuka unene wote wa ukuta. Likikosekana jiwe refu, kipande cha mbao ngumu au tofali la zege hufaa. Kwenye kona, mawe marefu yalazwe kwa kupishana, safu hii upande huu, inayofuata upande ule. Milango na madirisha yakae angalau sentimita 60 kutoka kona. Halafu mikanda: juu ya msingi, chini ya madirisha, juu ya madirisha na chini ya paa, kila mmoja ukizunguka nyumba nzima bila kukatika. Mkanda wa zege wa sentimita 7.5 wenye nondo mbili unatosha kwa nyumba ndogo. Palipo na msitu, mbao mbili sambamba zilizounganishwa kwa vipande vya kukatiza kila sentimita 50 hufanya kazi ileile. Pembetatu ya juu iwe ya mbao au bati, isiwe ya mawe. Kosa linalonikera ni mkanda unaoishia kwenye kona: nondo zimefika mwisho wa ukuta bila kukunjwa na kuingia ukuta wa pili. Mkanda wa namna hiyo ni gharama tupu.

Mlima nao uliua. Juu ya bonde la Langtang barafu na miamba vilimeguka, vikafukia kijiji cha Langtang karibu chote, na upepo uliosukumwa na mporomoko huo ukalaza miti ng'ambo ya bonde. Bonde hilo lilipoteza watu zaidi ya 300. Tarehe 12 Mei likaja tetemeko la 7.3, likaangusha nyumba zilizokuwa zimepata nyufa tu. Kisha Juni ikaingia masika ya huko, ambayo hadi Septemba humwaga robo tatu au zaidi ya mvua ya mwaka mzima, kwenye miteremko iliyokwisha kupasuka. Ufa ukionekana juu ya kijiji, kazi ya kwanza ni kuuziba kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na kuchimba mfereji juu yake ili maji yasiingie. Ya pili ni kupigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na kupima umbali wake kila asubuhi. Umbali ukiongezeka, watu wahame kabla ya mvua. Na ufa ukipanuka usiku, wasingoje kipimo cha asubuhi.

Nyumba karibu nusu milioni zilibomoka kabisa. Serikali iliahidi kila kaya rupia 300,000 kwa awamu tatu: 50,000 baada ya kusaini mkataba, 150,000 msingi ukikamilika, 100,000 kuta zikifika usawa wa paa, hizi mbili za mwisho baada ya mhandisi kukagua. Kufungamanisha fedha na ukaguzi lilikuwa jambo jema, kwa sababu mkanda ukishafunikwa hauonekani tena. Lakini mkataba ulidai hati ya ardhi, ambayo wengi hawakuwa nayo, na kwingine saruji na nondo zilibebwa mgongoni kutoka mwisho wa barabara, bei ikipanda kila hatua. Mwishoni mwa 2015 mpaka wa India ukakwama kwa miezi, mafuta yakaadimika, malori yakasimama. Wengi wakajenga chumba kimoja au viwili, kiasi cha kupata awamu ya tatu, kisha wakarudi kulala katika nyumba ya zamani yenye nyufa kwa sababu ndimo nafaka na jiko vilimopata nafasi.

Magharibi mwa nchi, ufa mkubwa haujafyatuka kwa namna hii tangu 1505. Novemba 2023 wilaya za Jajarkot na Rukum Magharibi zilipigwa usiku, watu wakiwa wamelala. Kipimo kilikuwa 5.7 tu. Walikufa zaidi ya 150, karibu wote chini ya kuta za mawe na udongo zisizo na mkanda hata mmoja.