"Marekebisho madogo"

"Na hii 30 kwenye muda wa kusubiri, iliwekwa kwa nini?" Da Zai, anayepitia msimbo wangu, aliuliza Jumanne, kwa upole wake ule ule. Nikaendesha `git blame`, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo) inayoonyesha nani aliugusa mstari mara ya mwisho: jina langu, ujumbe "marekebisho madogo". Nikasema, "Sikumbuki." Akasema, "Basi tuiache." Toleo jipya limetoka, mteja amesaini, bosi yuko likizo, mimi bado nimekwama kwenye hiyo "basi tuiache".

Kinachouma ni kwamba siku ile sababu niliijua. Komiti ile, yaani badiliko lililohifadhiwa pamoja na ujumbe wake, ilitaka kichwa cha herufi 50 hivi, mstari mtupu, kisha maelezo yasiyovuka herufi 72 kwa mstari, yakisema kwa nini. Kilichobadilika, diff, ile orodha ya mistari iliyobadilika, inakionyesha yenyewe. Tena komiti ile ilibeba mambo matatu: majina ya vigeu, mpangilio wa nafasi, na hiyo 30 imejibanza katikati. Ukiitengua kwa `git revert`, vyote vinaondoka. `git bisect` nayo, inayosaka komiti iliyoleta hitilafu, hupita komiti 1,000 kwa majaribio kama 10 tu, halafu inakukabidhi komiti ya mistari 400 na kukuacha na lako.

Jana, lakini! Tawi langu, mkondo wangu wa kazi wa pembeni, lilikuwa na komiti 11, nne zikiitwa "jaribu tena". Mabaki ambayo hayajahifadhiwa nikayagawa kwa `git add -p`: inauliza kipande kwa kipande, `s` hukipasua, kikigoma unakihariri kwa `e`. Kila sahihisho nikaliwekea `git commit --fixup=` na namba ya komiti linayoirekebisha, kisha `git rebase -i --autosquash main`, inayopanga upya komiti juu ya tawi kuu, ikalipeleka chini ya mwenzake na kuwaunganisha. Zikabaki 4. Nikarudia na `--exec 'make test'`, inayoendesha majaribio baada ya kila komiti, ikaanguka kwenye ya pili: ilikuwa inaita funksheni inayozaliwa kwenye ya tatu! Wengi hatua hii huiruka, na ndipo bisect hukwama njiani kwa komiti isiyojengeka. Nikazibadilisha nafasi, nikapushi (nikapeleka kwenye seva) kwa `--force-with-lease`, ili kama mwenzangu ameshatia kitu humo nikataliwe. (Kihariri kinachofanya `git fetch`, yaani kuvuta mapya ya seva, kimyakimya huidhoofisha kinga hiyo, changu nimekizima.) Tawi la wote siliandiki upya, hata kwa fimbo.

Da Zai amelipitia leo. Kaandika neno moja: "Nimeelewa." Nimelisoma mara sita.

Padi ya kipanya haibonyezeki tangu asubuhi, na kompyuta inayumba mezani. Naogopa kuigeuza nione betri imevimba kiasi gani.