Chaki mbili juu ya «chanterions»

Ubao ulikuwa bado na maandishi ya kipindi cha Kiswahili: tu-li-som-a, kila mofimu (kipande kidogo cha neno chenye maana au kazi yake) na jina lake chini. Mwalimu wa Kifaransa hakuyafuta. Aliandika pembeni neno moja, chanterions (tungeimba), akaniita mbele, akanikabidhi chaki nyeupe ya kukatia silabi na nyekundu ya mofimu.

Kwa nyeupe nikakata: cha-nte-ri-ons. Darasa zima la kidato cha tatu halikuona kosa, na lingelionaje? Chandarua kwetu ni cha-nda-ru-a. N hukaa na konsonanti inayoifuata. Kifaransa hakiendi hivyo. Hapo n hubaki nyuma na t huenda mbele: chan-te. Tena n yenyewe haitamkwi, kazi yake ni kuipitisha irabu puani. Halafu rions ni silabi moja, kwa kuwa i iliyotangulia irabu hutamkwa kama y yetu. Jumla tatu: chan-te-rions.

Mbona basi voudrions (tungependa), fupi vile, nayo ina tatu? Mwalimu aliitamka polepole: vou-dri-ons. D na r hazitenganishwi, na ukizibebesha y juu yake ulimi unakwama. I inabaki irabu kamili, yenye silabi yake.

Chaki nyekundu ndiyo iliyokuwa tamu. Alitufundisha kuanzia mkiani. Badili nafsi kwanza: chanterions, chanteriez (mngeimba). Kilichobadilika ni ons na ez, basi ons ni «sisi». Linganisha na chanterons (tutaimba): kilichopungua ni i, alama ya wakati uliopita. Linganisha na chantions (tulikuwa tukiimba): kilichopungua ni er, alama ya wakati ujao. Kinachosalia ni mzizi. Chant-er-i-ons. Wakati ujao ukibebeshwa uliopita, «-nge-» yao inazaliwa. Sisi tunaipata kwa kiambishi kimoja tu.

Rangi mbili zilipokaa pamoja, mkato mweupe ulipita kabla ya t, mwekundu baada yake. T ni mali ya mzizi lakini imehamia silabi ya pili. Mwalimu hakusema kitu, aligonga tu tulisoma kwa kidole. Kwa mofimu tu-li-som-a, kwa silabi tu-li-so-ma. M nayo imehama, na tulikuwa tukiitamka hivyo tangu utotoni.

Zoezi likafuata. Finissions (tulikuwa tukimaliza) ilipita bila taabu: silabi fi-nis-sions, mofimu fin-iss-i-ons. Mangeons (tunakula) ilizua mabishano juu ya ile e, maana haitamkwi wala si kiambishi. Imewekwa kuilinda g, isije ikasomwa kama ya gari mbele ya o. Ils chantent (wanaimba) iliwatega wanaohesabu kwa macho: mofimu mbili, chant-ent, lakini katika mazungumzo mdomo unatoa silabi moja kwa kitenzi chote, kwa sababu -ent hiyo ni bubu.

Mwisho ikaandikwa étudiions (tulikuwa tukisoma). Kiranja wetu, mwenye dasta mkononi, alifuta i moja akidhani chaki imeteleza. Mwalimu akairudisha na kuzipigia zote mbili mstari: ya kwanza ya mzizi, étudi-, ya pili ya wakati.